Mtarudi Siku Gani?



Kuna desturi iliyoota mizizi katika vikundi vyetu, nasi twapenda kuitaja bila kuificha. Noeli ikikaribia, twakusanya sabuni, mchele na nguo tulizokwisha kuzichoka, kisha twakwenda kwenye kituo cha vijana wenye ulemavu au cha watoto wa barabarani. Twaimba, twagawa, twapiga picha, twarudi nyumbani. Mwaka mzima hatuonekani tena. Na jambo hilo twaliita tendo la huruma.

Sisi wenyewe tulifanya hivyo. Siku moja, tulipokuwa tukiaga, kijana mmoja aliyeketi katika baiskeli yake ya magurudumu matatu alituuliza: “Bayaya, mtarudi siku gani?” Tukamjibu: “Karibuni tu.” Hatukurudi. Hata jina lake hatukuwa tumemwuliza. Swali lake ndilo linalotusukuma kuandika leo.

Tunasema wazi: zawadi ya mtu asiyejali jina la anayempa humfaa zaidi mtoaji kuliko mpokeaji. Yesu hakusema tuwapelekee viwete na vipofu mabaki ya karamu. Alisema tuwaalike mezani. Kati ya kumpelekea mtu chakula mlangoni na kuketi naye mezani kuna umbali mkubwa, na umbali huo ndio dhambi yetu.

Wengine watajibu: “Mwanafunzi hana nafasi; minervali yenyewe inamshinda.” Tumtazame basi Mwenyeheri Floribert Bwana Chui, mzaliwa wa Goma mwaka 1981. Alipokuwa mwanafunzi wa sheria mjini humo, alijiunga na Jumuiya ya Sant'Egidio, akawa rafiki wa watoto wa barabarani, wale ambao mji huwaita maibobo, akiwafundisha katika Shule ya Amani. Naye alikuwa na masomo na mitihani kama sisi. Baadaye alipata kazi ya kukagua bidhaa mpakani, akakataa rushwa ili vyakula vilivyoharibika visipite, na kwa ajili hiyo aliuawa mwezi wa Julai 2007. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenyeheri mjini Roma.

Tunapenda kuhubiri juu ya kifo chake, lakini tunazisahau saa alizokaa na maibobo. Sisi twaamini kwamba mambo hayo mawili hayatenganiki. Aliyekula na mtoto mwenye njaa anajua mchele mbovu utaingia katika tumbo la nani. Ujasiri wa mpakani haukuzaliwa siku ya majaribu. Ulilelewa polepole, katika urafiki ambao hakuna aliyeulipia mshahara.

Wengine watasema: “Hiyo ni kazi ya serikali.” Ni kweli, serikali ina deni. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 49, inawapa watu wenye ulemavu haki ya ulinzi wa pekee, na sheria ya tarehe 3 Mei 2022 imezieleza haki zao kwa urefu. Lakini sheria haina miguu. Haiwezi kumsindikiza mama hadi kwa mkuu wa shule aliyemkataa mtoto wake. Haisukumi baiskeli juu ya mawe ya volkano. Mwanafunzi anayejua kusoma sheria hiyo na kumweleza mama yule kwa Kiswahili chepesi anatoa msaada ambao gunia la mchele haliwezi kuutoa.

Tena tusidanganyike kwamba tunakwenda kwa watu wasio na uwezo. Kwenye mpaka wa Goma na Gisenyi, watu wenye ulemavu wamevusha bidhaa kwa baiskeli zao miaka mingi, nao wanalisha nyumba zao. Hawangojei machozi yetu. Wanangojea njia inayopitika, shule inayowapokea, na kanisa lisilowaacha chini ya ngazi. Ni parokia zetu ngapi zenye ngazi nzuri za saruji, na hazina hata mteremko mmoja wa magurudumu? Hapo hatuwezi kuilaumu serikali.

Kwa hiyo, ndugu, kila kikundi kichague siku moja ya juma, si siku moja ya mwaka. Picha tuziache nyumbani. Tujifunze majina. Tuulize kwanza kinachohitajika, ndipo tulete kitu. Na mwenye ulemavu akija kwetu, tusimweke tu kwenye benchi la mbele ili aombewe. Aimbe katika kwaya, ashike daftari la mwandishi, achaguliwe kuwa rais wa kikundi akistahili.

Yule kijana bado hajapata jibu letu. Alituuliza siku, nasi tulimpa neno tupu. Jumamosi hii tumpelekee jibu kwa miguu yetu, na Jumamosi inayofuata tena.