Saa ya jua haitaki kufichwa

Sisi tulio Maskati tuna ada moja: kitu kizuri hukiweka. Babu ananunuliwa saa ya mkono inayotumia jua, inakaa kabatini ndani ya boksi ikingoja Idi. Ikitolewa, mishale imesimama. Basi maneno yanaanza, "Tumeuziwa feki!", na inapelekwa kwa fundi ikatiwe betri.

Mimi nimesomesha miaka mingi, niacheni nisomeshe kidogo tena. Saa haina kosa, imenyimwa chakula. Saa hizi za mishale, ambazo Citizen ilizianza 1976, zina seli inayogeuza mwanga kuwa umeme na betri inayoujaza. Hata taa ya ndani huichaji, ila polepole sana.

Na kuivaa peke yake hakutoshi. Mkono wa kanzu unaifunika, na sisi wenyewe tunashinda ndani kwenye kiyoyozi. Katika saa nyingi, mshale wa sekunde ukianza kuruka sekunde mbili mbili, hiyo ni njaa. Iweke dirishani asubuhi, uso uelekee nje. Usiiache juu ya dashibodi ya gari, joto la kiangazi la huku litaiua betri. Kama ilikwisha simama, ikiamka itie majira upya.

Kumpa mzee saa bila kumweleza haya ni kumpa nusu ya zawadi. Yeye anaitazama ajue Alasiri imekaribia au bado. Mfungie mkononi leo, Idi isingojwe.