Mtoto Hazoei, Ananyamaza

Kila mwaka shule za Dubai zinapofunga kwa kiangazi na familia zinapofungasha mizigo, kauli moja husikika mno katika maghorofa ya Dubai Silicon Oasis: "Mtoto ni mtoto, atazoea." Baba kahamishiwa Riyadh, atazoea. Rafiki yake wa darasa la pili karudi kwao Mumbai, atazoea. Dada wa kazi aliyemlea tangu akitambaa kafutiwa viza, atazoea. Sisi wa Afrika Mashariki tuliitoa imani hii kwetu tukaja nayo nzima nzima. Ni imani potofu, na inawaumiza watoto wetu.

Tutazame mahali penyewe. Silicon Oasis ilianzishwa na serikali ya Dubai miaka ya 2000 iwe eneo huru la kampuni za teknolojia, kiasi cha kilomita za mraba 7.2, pamoja na shule na nyumba za kukaa. Dubai nzima, karibu watu tisa kati ya kumi ni wageni. Kwa kawaida viza ya mtoto imefungwa kwenye viza ya mzazi, na ya mzazi imefungwa kwenye ajira. Mkataba ukikatika, mtoto hupoteza kwa mpigo mmoja rafiki, mwalimu, darasa, kitanda na uwanja wa kuchezea. Mtu mzima akifikwa na hayo tunamwendea, tunakaa naye, tunampa pole. Mtoto tunampa tableti.

Imani hii ina ushahidi mmoja tu: mtoto analia siku mbili, kisha ananyamaza. Ushahidi huo ulikwisha kuangushwa zamani. Katika hospitali nyingi za Uingereza, hadi miaka ya 1950, wazazi walikuwa na saa chache mno za kuwaona watoto wao waliolazwa. Wauguzi walishikilia kwamba mtoto hulia mwanzoni, halafu hutulia. Mwaka 1952 mtafiti James Robertson alionyesha filamu ya msichana wa miaka miwili aliyelazwa siku nane bila mama yake kukaa naye. Madaktari wengi walikasirika, kwa kuwa filamu iliwaonyesha wasichotaka kukiona: kilichoitwa utulivu kilikuwa huzuni ya mtoto aliyechoka kuita. Mwaka 1959 kamati iliyoongozwa na Harry Platt ikapendekeza wazazi wasiwekewe mipaka ya kuwatembelea watoto wao. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na wahenga wetu hawakusema kwamba watoto hawamo.

Hata nyumbani serikali zimeanza kulikubali jambo hili. Mwaka 2023 Kamishna wa Elimu wa Tanzania, Dk. Lyabwene Mtahabwa, alitoa waraka wa kusitisha huduma ya bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, ili wakue karibu na familia zao. Kabla ya hapo, ni wazazi wangapi waliomwacha mtoto wa miaka saba kwenye lango la bweni, wakaondoka wakijifariji kwa neno lile lile, "atazoea"?

Mtoto wa shule ya msingi hakai kitako akasema ana majonzi. Husema tumbo linauma, hasa Jumapili jioni. Aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani huanza tena. Mwingine huanza kugombana kwenye basi la shule, nasi tunamwita mkorofi. Mwingine huwa mpole kupita kiasi, hasumbui, haombi kitu, nasi tunamsifu kwa adabu. Huyu wa mwisho ndiye anayenitia hofu zaidi, kwa sababu hakuna atakayemtazama.

Na tusimsahau dada. Katika baadhi ya nyumba za Dubai mlezi ni mwanamke kutoka Kenya au Uganda, na mara nyingi naye ameacha wanawe kijijini kwa bibi yao, akiambiwa kwamba watazoea. Anamwogesha mtoto wa mwajiri, anamlisha, anajua anaogopa nini usiku. Siku ya kuondoka, anatolewa mtoto akiwa amelala ili asilie. Asubuhi mtoto anaamka, hamkuti, haagwi, haelezwi. Anachojifunza hapo ni kwamba anayempenda anaweza kutoweka, na kwamba nyumbani hakuna anayeliona jambo hilo kuwa kubwa.

Nitajibiwa kwamba hata sisi tulihamishwa na kuchapwa, na tumekuwa watu. Kweli, lakini tulikuwa na bibi, shangazi, binamu na jirani wa kukimbilia. Mtoto wa ghorofa ya tisa Silicon Oasis ana wazazi wanaorudi wamechoka, na dada ambaye kesho huenda asiwepo. Wengine watasema huku ni kudekeza. Kudekeza ni kumwondolea mtoto wajibu wake. Mtoto anayesikilizwa ataamka mapema, atavaa sare na atafanya kazi zake za shule kama wenzake.

Shule nazo zina deni. Mtoto akihamia, zinadai ripoti za masomo, kadi ya chanjo na hati ya uhamisho. Zidai pia kujua ameacha nani na nini, na mwalimu wa darasa apewe habari hiyo kabla ya siku ya kwanza. Mtoto anayeondoka aagwe darasani, na wanaobaki wapewe nafasi ya kulizungumza. KHDA, mamlaka inayosimamia shule binafsi za Dubai, ilianza mwaka 2017 kuwauliza wanafunzi wenyewe kuhusu ustawi wao, lakini dodoso lile lilianzia darasa la sita. Wadogo nao wana la kusema, na anayejua kuzungumza na watoto atalisikia.

Sisi wazazi tuna kazi kubwa zaidi. Tumwambie mtoto mapema kwamba tunahama. Tumpeleke akaage rafiki zake, na dada aondoke mchana, kwa kukumbatiana. Mshauri wa shule akituita, twende bila kudhani kwamba mtoto ameitwa mwendawazimu. Riziki itaendelea kutuhamisha, na hilo si kosa la mtu. Kosa ni kumhamisha mtoto kama kabati, kisha kuuita ukimya wake uvumilivu. Tumuulize anamkumbuka nani, na akianza kulia tusimkatize.