Hita Inavuja: Izibwe au Ing'olewe?

Ikiwa unaishi Kitale huhitaji kuelezwa baridi ni nini. Mji huo uko mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, jirani na Mlima Elgon, na mtoto anayeamshwa alfajiri kwenda shule hawezi kuogeshwa kwa maji ya mfereji bila kilio. Bungoma iko chini yake kwa karibu mita 500 na ina joto kidogo, lakini hata huko msimu wa mvua hufanya watu waanze kulilia maji moto. Ndiyo sababu familia iliyojaliwa kuwa na silinda ya maji moto darini huihesabu kuwa baraka.

Baraka hiyo hugeuka balaa siku doa la rangi ya chai linapoonekana kwenye silingi. Kesho yake doa limekuwa kubwa. Baba anasema aitwe fundi azibe. Mama anasema inunuliwe mpya, maana yeye ndiye anayepanguza sakafu. Fundi naye akija ana lake, kwa kuwa mwingine ana silinda ya kuuza na mwingine ana kazi ya kuchomelea anayoitafuta. Na wakati huo huo karo ya watoto inangoja.

Wengi wetu hapo hukimbilia methali: usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo ni ya kweli, lakini silinda ina nyufa za aina mbili, zile zinazozibika na zile zisizozibika kamwe. Kwa hivyo swali la kwanza si pesa ngapi. Swali la kwanza ni: maji yanatoka wapi hasa?

Lakini kabla ya kutafuta jibu, zima stima kwenye swichi ya silinda yenyewe, au kwenye swichi kuu ikiwa huijui. Stima ya nyumbani ni volti 240, na maji yakishafika penye nyaya, mwili wa silinda na mabomba ya chuma huweza kubeba stima hiyo hadi bafuni, hasa ikiwa waya wa ardhini haukufungwa vyema. Mtu wa nyumbani akisema amehisi mkono ukitetemeka aliposhika mfereji, usimcheke wala usimwambie ajaribu tena. Funga kila kitu na uite fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA. Msichana wa kazi na watoto waambiwe wazi kwamba swichi hiyo haiguswi. Kisha ngoja maji yapoe, kwani maji ya nyuzi joto 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache tu.

Silinda ikishapoa, ipanguze kwa kitambaa kikavu, mabomba na viungo vyake vyote. Chukua karatasi ya msalani, izungushe kwenye kila kiungo, halafu ngoja saa moja. Karatasi italowa pale maji yanapoanzia. Hii ni kazi ya dakika chache inayoweza kuokoa maelfu ya shilingi, kwa sababu maji hutembea. Yanaweza kuanzia juu na kudondokea chini, na fundi mwenye haraka akahukumu mahali pasipohusika.

Ikiwa karatasi iliyolowa ni ya kiungo cha bomba, shukuru. Kiungo hufunguliwa, kikafungwa upya, kazi ikaisha. Ikiwa ni pale elementi inapoingia ndani ya silinda, huenda gasketi imechoka, na gasketi ni kitu kidogo. Ikiwa elementi yenyewe imeliwa, nayo hubadilishwa peke yake. Hizo zote ni nyufa zinazozibika. Atakayekushauri ung'oe silinda nzima kwa sababu ya gasketi, muulize maswali zaidi.

Vali ya usalama inahitaji uangalifu wa pekee. Maji yakipashwa hutanuka. Lita 150 zikipanda kutoka nyuzi joto 15 hadi 60 huongezeka kwa zaidi ya lita 2. Katika nyumba zinazotumia tangi la paani, maji hayo ya ziada hurudi nyuma au hupanda katika bomba la kupumulia. Pasipo na njia hiyo, vali hudondosha maji kidogo silinda inapopata moto, na hiyo si hitilafu. Ikidondosha mchana na usiku, au bomba la kupumulia likitema maji ya moto, basi thamostati au vali ina kasoro na ibadilishwe. Lakini kamwe usikubali vali izibwe kwa bolti au kipande cha mti. Silinda iliyofungwa pumzi huku stima ikiwaka yaweza kupasuka na kung'oa paa na watu.

Sasa tuje kwenye ufa usiozibika. Viungo vyote ni vikavu, vali ni kavu, lakini maji yanatoka chini ya silinda, kupitia ganda la nje, pengine yakiwa na rangi ya kutu. Hapo ujue ni tumbo la silinda lililotoboka. Silinda nyingi za siku hizi ni za chuma kilichopakwa ndani ngozi nyembamba ya kioo ili maji yasikiguse. Fundi akichomelea tundu, moto huo huunguza ngozi ya kioo pembeni yake, na kutu huanza upya hapo hapo. Gundi nayo hushika kwa muda, kisha joto huiachanisha. Silinda ya shaba ni tofauti kidogo. Tundu moja kwenye mshono wake huweza kuchomelewa na fundi stadi, lakini matundu yakiwa mawili au matatu, ujue shaba imekonda.

Kwa nini chuma kilicholindwa kikatoboka? Ndani ya silinda hizo huwekwa fimbo ya magnesi ambayo kazi yake ni kuliwa. Mwanzo wa mbinu hiyo ni mwaka wa 1824, mwanasayansi Mwingereza Humphry Davy alipoonyesha kwamba shaba ya manowari hailiwi na maji ya bahari ikiunganishwa na vipande vya chuma au zinki, kwani vipande hivyo huliwa badala yake. Fimbo ya magnesi ni kafara ya namna hiyo. Ikiisha, zamu ya tumbo la silinda inafika. Familia nyingi hazijawahi kusikia habari zake, na fundi hataitazama asipoambiwa. Ikaguliwe kila baada ya miaka miwili au mitatu, na mapema zaidi kwa anayetumia maji ya kisima yenye chumvi.

Umri nao una neno lake. Silinda ya namna hii aghalabu huishi miaka 8 hadi 12. Tazama mwaka ulioandikwa kwenye kibandiko chake. Ikiwa ina miaka minne na gasketi imekufa, karabati. Ikiwa ina miaka kumi na gharama ya ukarabati inafika nusu ya bei ya mpya, usiutupe huo mshahara.

Wapo watakaosema uvujaji ni mdogo, tuuvumilie. Tupige hesabu. Gilasi moja ya robo lita kwa kila saa ni lita 6 kwa siku na lita 180 kwa mwezi. Kuyapasha maji hayo kutoka nyuzi joto 15 hadi 60 ni kama yuniti 9 za stima. Kwa bili hiyo peke yake huenda usishtuke. Lakini bili haikuonyeshi mbao za dari zinazooza wala nyaya zinazolowa, na huko ndiko hasara na hatari iliko.

Je, mwalimu aliyepanga nyumba kule Kanduyi, Bungoma, afanyeje? Silinda si yake, lakini watoto ni wake. Azime stima leo, apige picha, amwandikie mwenye nyumba ujumbe wenye tarehe, kisha asome mkataba wake kabla ya kutoa hata shilingi. Akikubaliana na mwenye nyumba kwamba atalipa na kukata kwenye kodi, makubaliano hayo yaandikwe. Neno la mdomo husahaulika kodi inapodaiwa.

Na kama tumbo limetoboka na pesa hazipo? Zima stima, funga maji, fundi aitoe silinda maji yote, kisha jiwekeeni akiba taratibu. Kuchemsha maji kwa sufuria mwezi mmoja au miwili si aibu, na ni nafuu kuliko kumlipa mchomeleaji mara mbili na bado ununue mpya. Siku ya kununua ikifika, hakikisheni mbao za dari zinabeba, kwani lita 150 ni kilo 150 za maji peke yake. Ulizeni pia bei ya hita ya jua, maana Kitale na Bungoma zote ziko karibu na ikweta na jua hatulinunui.

Bwana na bibi wakikaa pamoja wakajibu maswali matatu, yaani maji yanatoka wapi, silinda ina miaka mingapi, na ukarabati ni sehemu gani ya bei ya mpya, ubishi utakwisha kabla fundi hajapanda ngazi.

Tukutane Jumapili ijayo.