Besiboli ya zamani ilikuwa tamu kwa nani?

Wamarekani wana mchezo wao wa besiboli, na husimulia zamani zake kama wazee wetu walivyokuwa wakisimulia nyumbani tulipokuwa ukimbizini. Kila kitu cha zamani kilikuwa kizuri. Tiketi ilikuwa bei rahisi, mchezaji alikaa na timu moja tangu ujana hadi kustaafu, na hakuna aliyetaja fedha. Kisha, wanasema, vikaja vyama vya wafanyakazi, mawakili na migomo, na mchezo ukaharibika.

Simulizi hiyo imeanza kusikika tena. Mkataba wa pamoja kati ya wamiliki wa klabu na chama cha wachezaji ulitiwa saini Machi 2022, na muda wake ukawekwa hadi tarehe 1 Desemba 2026. Tangu mwaka 2025 suala la kuweka ukomo wa mishahara limerudi midomoni mwa watu, na kila linapotajwa, wanaoijua historia ya mchezo huo hukumbuka mwaka 1994. Tunaona ni vema kusema wazi kwamba anayetaka kuamua ugomvi huu asiifanye kumbukumbu tamu kuwa shahidi wake. Kumbukumbu ya namna hiyo huacha mengi nje.

Kwa msomaji asiyeufahamu, mchezo wenyewe si wa ajabu. Mtu mmoja anarusha mpira mdogo mgumu kwa nguvu, mwingine anasimama na gongo la mbao akijaribu kuupiga. Akiupiga, anatoka mbio kuzunguka vituo vinne. Kituo cha mwisho ni palepale alipoanzia, nao Wamarekani wanakiita nyumbani. Akifika salama, timu yake inapata pointi. Hata jirani zetu wa Uganda wanaucheza. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya watoto huko Williamsport, jimbo la Pennsylvania.

Mimi niliufahamu mwaka 1994, nikiwa na umri wa miaka 13, kambini mkoani Kigoma. Mmarekani mmoja aliyekuwa akifanya kazi ya misaada alikuja na mpira mmoja na glavu moja ya ngozi, akatufundisha nyuma ya hema lililokuwa darasa letu. Gongo tulilichonga wenyewe. Mwezi wa Septemba alikuja siku moja amenuna. Kwa Kiswahili chake cha kuokoteza alituambia kwamba mwaka huo fainali hazipo, wachezaji wamegoma na wakubwa wamefuta mashindano. Mzee mmoja aliyekuwa akisuka kamba pembeni aliuliza, "Hao wanalipwa kwa kucheza, na bado wanakataa kucheza?" Mmarekani akajibu kwamba wachezaji wa siku hizi wana tamaa, na kwamba zama za babu yake watu walicheza kwa mapenzi. Nilimwamini kwa miaka mingi. Nilipokuwa mwalimu na kuanza kujisomea, ndipo nilipogundua kwamba babu yake hakumsimulia yote.

Zamani hizo zilikuwa hivi. Mwaka 1879 wamiliki wa klabu walianza kupatana kutonyang'anyana wachezaji waliowekewa alama. Mpango huo ukakua hadi ukaingia katika mkataba wa kila mchezaji, kwa kipengele kilichoipa klabu haki ya kumbakiza mwaka unaofuata. Klabu zilikitafsiri kuwa ni mwaka baada ya mwaka, bila mwisho. Mchezaji angeweza kuuzwa, kubadilishwa au kuachishwa kazi, lakini yeye mwenyewe hakuweza kuhama hata mkataba wake ulipokwisha. Mwaka 1922 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba sheria za kuzuia ukiritimba haziuhusu mchezo huo. Babe Ruth, nyota mkubwa kuliko wote, aliuzwa na klabu ya Boston kwa Yankees ya New York, mauzo yaliyotangazwa Januari 1920, kwa dola 100,000. Fedha hizo zilikwenda kwa mwenye klabu. Mfanyabiashara wa ng'ombe anaielewa biashara hiyo bila kufafanuliwa.

Kwa hiyo ni kweli kwamba mchezaji wa zamani alikaa na timu moja. Alikaa kwa sababu mlango ulikuwa umefungwa.

Na mashabiki je? Mwaka 1938 Joe DiMaggio wa Yankees aliomba mshahara wa dola 40,000. Klabu ikasema 25,000 na si zaidi. Alikataa, akakosa michezo ya mwanzo wa msimu, kisha akasalimu amri akachukua hizo 25,000. Aliporudi uwanjani mashabiki walimzomea. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1941, huyohuyo aliweka rekodi ya kupiga mpira kwa mafanikio katika michezo 56 mfululizo, rekodi ambayo haijavunjwa. Leo anakumbukwa kwa machozi kuwa alama ya zama za heshima. Wanaosimulia hawapendi kutaja kule kuzomewa.

Tena zama hizo hazikuwa za wote. Hadi tarehe 15 Aprili 1947, Jackie Robinson alipoingia uwanjani na timu ya Brooklyn Dodgers, watu Weusi walikuwa wamefungiwa nje ya ligi kuu kwa zaidi ya miaka 60. Walikuwa na ligi zao, ya kwanza kudumu ikiwa imeanzishwa na Rube Foster mwaka 1920. Ilipita karne nzima, hadi mwaka 2020, ndipo wakuu wa besiboli walipokubali kwamba ligi hizo nazo zilikuwa ligi kuu. Takwimu zao zilipoingizwa rasmi mwaka 2024, Josh Gibson akawa kinara wa wastani wa upigaji katika historia yote. Gibson alifariki mwaka 1947, miezi michache kabla ya Robinson kuingia. Hakucheza ligi kuu hata siku moja.

Aliyeugusa mzizi wa jambo alikuwa Curt Flood. Alikuwa amecheza miaka 12 na St. Louis Cardinals, na mshahara wake ulikuwa dola 90,000 kwa mwaka. Oktoba 1969 aliarifiwa kwamba amepelekwa Philadelphia. Akakataa. Alimwandikia kamishna wa mchezo huo, Bowie Kuhn, kwamba hajioni kuwa mali ya kununuliwa na kuuzwa. Watu walimcheka, kama mzee wetu wa kambini alivyocheka, wakiuliza mtumwa gani analipwa dola 90,000. Kesi ilifika Mahakama ya Juu na mwaka 1972 akashindwa kwa majaji 5 dhidi ya 3. Robinson alikwenda kumtolea ushahidi, akiwa ameshastaafu. Katika wachezaji waliokuwa bado kazini hakuna hata mmoja aliyefika kumshuhudia. Flood alifariki Januari 1997. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani likapitisha sheria yenye jina lake.

Alichokikosa Flood mahakamani, wenzake walikipata kwa umoja. Mwaka 1966 chama cha wachezaji kilimchukua Marvin Miller, mchumi aliyetoka katika chama cha wafanyakazi wa viwanda vya chuma. Mshahara wa chini wakati huo ulikuwa dola 6,000 kwa mwaka. Mkataba wa pamoja wa kwanza, wa mwaka 1968, uliupandisha hadi 10,000. Aprili 1972 wachezaji waligoma siku 13, na ugomvi ulikuwa juu ya pensheni. Desemba 1975 msuluhishi Peter Seitz aliamua kwamba Andy Messersmith na Dave McNally, waliocheza mwaka mmoja bila kutia saini mkataba mpya, sasa wako huru. Wamiliki walimfukuza kazi Seitz papo hapo, lakini mlango ulikuwa umekwisha kufunguka.

Migomo iliyofuata ilikuwa mirefu. Mwaka 1981 kazi ilisimama katikati ya msimu, na michezo zaidi ya 700 haikuchezwa. Kisha ukaja ule wa 1994. Wamiliki walitaka ukomo wa mishahara, wachezaji wakakataa, wakaacha kazi tarehe 12 Agosti. Tarehe 14 Septemba Bud Selig alitangaza kwamba fainali kuu, World Series, zimefutwa. Jambo hilo halikuwa limetokea tangu mwaka 1904, hata katika vita viwili vya dunia. Ugomvi ulidumu siku 232, hadi jaji mmoja wa New York, Sonia Sotomayor, alipotoa amri dhidi ya wamiliki mwishoni mwa Machi 1995.

Wahenga walisema wapiganapo fahari wawili, ziumiazo nyasi. Timu ya Montreal Expos ya Canada ilikuwa na rekodi bora kuliko zote siku mgomo ulipoanza, ushindi 74 na kushindwa 40. Aprili 1995 klabu ikawatoa nyota wake kwa sababu ya fedha, mashabiki wakapungua, na mwaka 2005 timu ikahamia Washington. Na wako wasiotajwa katika rekodi yoyote, yaani muuza karanga uwanjani, mfagiaji, mlinzi wa lango, mama mwenye mgahawa kando ya uwanja. Hawa hawakuwa na kiti mezani, wala hakuna aliyewafidia siku zile 232. Msomaji wetu aliyewahi kukaa na matenga ya nyanya mpakani wakati wakubwa wa pande mbili wakivutana hahitaji kuelezwa maana yake. Anajua nyanya hazingoji mazungumzo.

Lakini tuwe waangalifu katika kugawa lawama. Si kila mara mchezo unaposimama ni wachezaji waliogoma. Tarehe 2 Desemba 2021 ni wamiliki waliofunga milango, wakaifunga kwa siku 99. Mazoezi ya kabla ya msimu yalichelewa, na wafanyabiashara wa Florida na Arizona wanaotegemea wageni wa majira hayo wakaumia. Hata hivyo mkataba ulipatikana na michezo yote 162 ya kila timu ikachezwa.

Wamiliki nao wana hoja ambayo si ya kupuuzwa. Besiboli ni mchezo pekee kati ya minne mikubwa ya kulipwa nchini humo usiokuwa na ukomo wa mishahara. Klabu ya jiji kubwa inaweza kumwaga fedha ambazo klabu ya mji mdogo haizioni hata ndotoni. Desemba 2024 Juan Soto alitia saini mkataba wa miaka 15 wenye thamani ya dola milioni 765 na Mets ya New York. Los Angeles Dodgers, wenye fedha nyingi, walitwaa ubingwa mwaka 2024 na 2025 mfululizo. Shabiki wa timu ndogo ana haki ya kuuliza kama timu yake ina nafasi. Lakini swali hilo halijibiwi kwa kusema turudi zamani. Linajibiwa kwa kufungua vitabu vya mahesabu, kuonyesha mapato ni kiasi gani, na kujadili namna klabu tajiri zitakavyogawana na klabu maskini. Anayesema hana kitu huku amefunga sanduku, hata sokoni kwetu haaminiwi.

Isitoshe, si kila mchezaji ni Soto. Chini ya ligi kuu wako maelfu ya vijana katika ligi ndogo, wengi wao kutoka Jamhuri ya Dominika na Venezuela. Hadi mwaka 2022 hawakuwa na chama. Mkataba wao wa kwanza, wa mwaka 2023, uliongeza mshahara wa chini wa daraja la juu la ligi hizo kutoka dola 17,500 hadi 35,800 kwa mwaka. Vijana hao nao walikuwa wakiambiwa kwamba wanacheza kwa mapenzi.

Tuliorudi tunalijua jambo hili kwa njia yetu. Kambini wazazi walitusimulia nchi yenye maziwa, migomba na majirani wema. Hawakutusimulia kwa nini tulikimbia. Nilipovuka mpaka kurudi, shamba la baba yangu nilimkuta mtu mwingine akilima, na kilichotusaidia hakikuwa simulizi ya migomba. Tulikaa chini mbele ya wazee, kila mmoja akasema alichonacho na anachodai, tukagawana, na leo watoto wetu wanasoma darasa moja. Simulizi za wazazi zilitutunza miaka yote ya kambi, na kwa hilo tunawashukuru. Ila hazikutosha kupimia shamba.

Ushauri wetu kwa pande zote mbili za besiboli ni mfupi. Wakae mezani kabla ya kufika ukingoni, kwa kuwa mwaka 1994 ulionyesha kwamba kungoja hadi mkono uwe kooni hakumfaidii yeyote. Hesabu ziwekwe hadharani. Na katika mkataba wowote watakaoandika, iwekwe akiba kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanjani ambao hawana sauti katika ugomvi huo lakini hulala njaa kwa sababu yake.

Kwa mashabiki tunasema, endeleeni kuwapenda DiMaggio na Robinson, maana uzuri wa mchezo wao ulikuwa wa kweli. Lakini mtu akija kuwaambia kwamba zamani hakukuwa na ugomvi wa fedha, mwulizeni fedha zilikuwa zikienda kwa nani. Yule Mmarekani wetu wa kambini alikuwa mtu mwema, na mpira wake tuliucheza hadi ukapasuka. Ningekutana naye leo, ningemshukuru kwanza, kisha ningemsimulia habari za Curt Flood.