Wednesday ina vipande vingapi?

Huku Uingereza baridi imeshabisha hodi, lakini leo nina la mpwa wangu. Kaniandikia kwamba imla imemtoa jasho: aliandika "Wensday", akapigwa mstari mwekundu, darasa zima likacheka.

Nikakumbuka siku nilipokwenda kukata tiketi ya Leicester. Nililisoma kama tulivyofundishwa ba-be-bi-bo-bu: Le-i-che-sta. Yule wa dirishani akanitumbulia macho, foleni nyuma yangu inarefuka. Mwishowe nikamwandikia kwenye karatasi. "Aah, Lesta!" Kumbe silabi 2 tu!

Maoni yangu ni haya. Kiswahili tunakiandika tunavyokisema, silabi zetu nyingi huishia na irabu, na mkazo kwa kawaida hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kiingereza hakina adabu hiyo. Neno "strengths" lina herufi 9 na silabi 1! Mkazo nao unahamahama: "photograph" ni FO-to-graf, lakini "photography" ni fo-TO-gra-fi.

Kwa hiyo mtoto afundishwe kulikata neno mara mbili. Kwa ajili ya kalamu, alisome kimoyomoyo kama lilivyoandikwa: Wed-nes-day, vipande 3. Kwa ajili ya mdomo, WENZ-dei, vipande 2, nguvu kwenye cha kwanza. "Vegetable" vivyo hivyo: ve-ge-ta-ble ya kalamu, VEJ-ta-bol ya mdomo. Na kamusi nazo tuzisome kwa makini. Zile nukta ndani ya neno kwenye kamusi nyingi za Kimarekani zinaonyesha pa kulikata mstari unapoisha. Matamshi na alama ya mkazo vimeandikwa pembeni yake.

Sisemi mbane pua muongee kama Wazungu. Lafudhi yangu ninayo mpaka leo, wala sina haja ya kuiacha. Ila mkazo ukikaa mahali pake, watu wanakuelewa. Mwaka wangu wa kwanza hapa nilikuwa nanyamaza kazini hata pale nilipolijua jibu, kwa kuogopa kuchekwa. Sitaki mpwa wangu aurithi ukimya huo.

Basi ndugu zangu mlio walimu, mtoto akiandika "Wensday" ameandika alichosikia, sikio lake ni zima. Msimcheke. Mwonyesheni ule mkato wa pili.

Nasubiri maoni yenu. Wasalaam.