Risasi moja, mikanda mbalimbali: umoja gani huu?

Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Usemi huu unawahusu pia wakuu wa majeshi wanaodhani kwamba, maadamu bunduki mbili zinapiga risasi ya namna moja, basi askari wanaozishika wataweza kusaidiana vitani. Kipo kitu kidogo kinachoivunja dhana hiyo, nacho ni pingili ya chuma inayoishika risasi katika mkanda wa bunduki ya rashasha.

Mikanda hiyo si ya namna moja. Iko ambayo pingili zake zimeungana daima, nayo hutoka upande wa pili mitupu lakini mizima, tayari kujazwa tena. Iko mingine ambayo risasi zenyewe ndizo zinazoziunganisha pingili. Risasi ikiondoka, pingili nazo huanguka chini mojamoja. Zaidi ya hayo, ziko pingili zinazoruhusu risasi isukumwe mbele moja kwa moja, na ziko ambazo lazima risasi ivutwe nyuma kwanza. Bunduki iliyoundwa kwa ajili ya namna moja haiikubali nyingine.

Katika miaka ya 1950 nchi za NATO zilikubaliana kutumia risasi moja ya milimita 7.62 kwa 51. Lakini Ujerumani Magharibi ilitumia mkanda wa DM1 usioachana, na Marekani ikatumia pingili za M13 zinazoachana. Bunduki ya Kibelgiji iitwayo FN MAG, iliyouzwa kwa majeshi mengi ulimwenguni, yaweza kutengenezwa ipokee mkanda wowote kati ya hiyo miwili. Lakini kuhama kutoka mmoja hadi mwingine kunahitaji kubadili vipuri vya mtambo wa kuvuta mkanda. Je, nani ataifanya kazi hiyo usiku, huku risasi za adui zikivuma?

Hata ndani ya jeshi moja kosa hili limetokea. Wamarekani waliweka bunduki ya M85 juu ya vifaru vyao vya M60. Risasi yake ilikuwa ile ile ya Browning M2, bunduki ya tangu miaka ya 1930 ambayo hata leo ingali kazini. Pingili, hata hivyo, zilikuwa mbalimbali. Askari wa kifaru aliyeishiwa hakuweza kuutumia mkanda wa mwenzake mpaka risasi zihamishwe katika pingili nyingine. Warusi, kwa upande wao, walipoiunda PK mwaka 1961 waliifanya ipokee mkanda wa bunduki ya Goryunov ya mwaka 1943. Mikanda iliyokuwa maghalani haikugeuka kuwa takataka. Huo ndio uwekevu wenye busara.

Watakuwepo watakaosema kwamba risasi zaweza kuhamishwa kwa mkono. Ni kweli, kambini. Vitani, dakika zinazopotea katika kuhamisha risasi ni dakika ambazo kikosi kizima hakina kinga.

Jambo hili si la Wazungu peke yao. Nchi za Afrika zimenunua na kupewa silaha kutoka Mashariki na Magharibi. Kati ya Novemba 2022 na Desemba 2023, majeshi ya Kenya, Uganda, Burundi na Sudan Kusini yalikuwa mashariki mwa Kongo chini ya bendera moja ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Vikosi vya namna hiyo vitaundwa tena. Bendera moja haitoshi ikiwa sanduku la risasi la ndugu mmoja halimfai mwingine.

Kwa hiyo, kabla ya kununua bunduki ya rashasha au kuipokea kama zawadi, hapana budi kuuliza mambo matatu: inapiga risasi gani, inavuta mkanda gani, na ni jirani gani mwingine anayeutumia mkanda huo. Na katika kila zoezi la pamoja, vikosi vibadilishane mikanda na kuijaribu. Afadhali kasoro ionekane katika uwanja wa mazoezi kuliko kugunduliwa na kijana wetu aliye handakini, mkononi ana risasi tele, na bunduki yake imenyamaza.