Akiba hii inaoza: tuanze kuokoa maandishi gani ya kilimo cha Pwani?

Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini iko akiba moja ya Pwani ambayo huoza kila msimu wa mvua, nayo ni maandishi ya kilimo chetu cha zamani: ripoti za vituo vya utafiti, vijarida vya kuwafunza wakulima, daftari za kupimia mvua, hati za kuuziana mashamba na minazi. Karatasi nyingi za tangu katikati ya karne ya 19 zilitengenezwa kwa mbao zilizosagwa, na zina asidi inayozila polepole. Hugeuka kahawia, kisha hukatika zikikunjwa. Ongeza joto, unyevu wa bahari na mchwa, na umri wake unakuwa mfupi zaidi.

Pesa za kuokoa kila karatasi hazipo. Lazima basi tupange lipi litangulie na lipi lisubiri.

Wako watakaouliza ripoti ya miaka ya 1930 itamfaa nini mkulima wa Msambweni. Na watazame mhogo. Kituo cha Amani, katika milima ya Usambara karibu na Tanga, kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, kisha kikaingia mikononi mwa Waingereza. Katika miaka ya 1930 watafiti wake walianza kuzalisha mhogo unaohimili batobato, ule ugonjwa unaokunja majani, kwa kuuchanganya na jamaa zake wa porini. Miaka mingi baadaye watafiti wa Ibadan, Nigeria, walitumia uzao huo wa Amani kupata mbegu bora. Ugonjwa ulipofyeka mashamba ya Uganda miaka ya 1990, mbegu za ukoo huo zilikuwa miongoni mwa zilizosaidia. Kazi ya zamani ilijibu balaa jipya.

Wenzetu wa Marekani walishapitia swali hili. Maktaba ya Mann ya Chuo Kikuu cha Cornell ilihesabu vitabu vya kilimo vilivyotajwa mara nyingi na wataalamu, ikawaita wasomi wavipange kwa uzito. Mwaka 1993 ukatolewa mpango wa taifa wa kuhifadhi maandishi ya kilimo, kila jimbo likitazamiwa kushughulikia yake.

Hilo la kila jimbo na yake linatufaa. Kuhesabu yanayotajwa sana kuna mtego kwetu, kwa kuwa yanayotajwa sana ni yale yaliyochapishwa London au Berlin. Chukua kitabu cha W. W. A. Fitzgerald cha mwaka 1898 kuhusu mwambao wetu, Unguja na Pemba, kinachoeleza mazao na mashamba ya wakati huo. Ni kitabu muhimu, lakini nakala zake zimo katika maktaba za ng'ambo na kwenye intaneti. Kikiliwa na mchwa Mombasa, bado kipo. Ripoti iliyopigwa taipu nakala mbili tatu huko Matuga au Mtwapa ikiliwa, imekwenda.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza kiwe uhaba. Yatangulie yasiyo na nakala pengine: rekodi za mvua na mavuno, ripoti za maafisa wa kilimo wa wilaya, na hati za mashamba zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Hati hizi zina uzito wa pekee. Kwa desturi ya Pwani, mnazi uliweza kuwa wa mtu huyu na ardhi ya mtu yule. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 ilipowataka watu wathibitishe madai yao, wengi waliachwa nje, na machungu yake tunayo hadi leo. Hati ya kuuziana minazi ni kumbukumbu ya kilimo, na huenda ikawa ushahidi wa haki ya mtu.

Pili, vijarida vya Kiswahili vya kumfunza mkulima, ambavyo mtu akishasoma hufungia samaki. Vitabu vya Ulaya vifuate mwisho.

Liko na la vichwani mwa wazee. Hesabu ya Nairuzi ya siku 365, inayogawa mwaka kwa miongo ya siku kumi kumi, iliwaongoza wakulima na mabaharia wetu. Mzee hangoji bajeti. Arekodiwe sasa, sambamba na hayo mengine.

Nani afanye? Katiba ya 2010 ilizipa kaunti kilimo na pia maktaba. Kaunti zetu sita za Pwani haziwezi kusema hili ni la Nairobi. Wala haliko mbali na uwezo wetu: miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, ilipigwa picha kwa msaada wa mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini. Elimu ya dini ilistahili heshima hiyo, na elimu ya shamba inastahili pia.

Hatua ya kwanza ni ya gharama ndogo: orodha ya kilichopo, kiko wapi, na kina hali gani. Iandaliwe na mkutubi, mtafiti wa kilimo, msomaji wa hati za Kiarabu na mkulima mkongwe, wote meza moja, kwa sababu wasomi peke yao watachagua vya wasomi. Na picha zikipigwa, nakala ya kwanza ibaki Pwani.

Madiwani wetu wakija kukusanya maoni ya bajeti, waulizwe hili kwa sauti. Mvua haitasubiri kikao chao.